Vitambaa vya Karani Havikauki

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Mawingu.

Mimi ni fundi bati. Anayetaka karai lisilovuja, ndoo, jiko au mfereji wa paa anakuja kwangu. Asiyekuja kwangu anarudi baadaye akiwa amebeba kitu kinachovuja. Naandika hapa kwa sababu mjukuu wangu amenichokoza. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na yeye anasema herufi zangu zinatembea kama kuku waliolewa. Jana kanipa daftari lake lililobaki kurasa. "Babu, andika mpaka mvua iishe. Huwezi. Wiki moja tu utakuwa umeliwashia jiko."

Nikamwambia, wewe mtoto, mimi nimepiga bati kabla mama yako hajazaliwa, nitashindwa na karatasi? Basi tumewekeana dau. Nikishindwa, nitamfulia sare za shule muhula mzima. Nikishinda, atanishonea kitu kwa mkono wake.

Sitashindwa.

Jumanne, 10 Machi. Mawingu tena.

Nimetengeneza karai. Zuri.

Alhamisi, 12 Machi.

Mjukuu kasoma, kasema hakuna anayeelewa tunakaa wapi na akina nani. Haya. Tunapanga chumba kimoja na sebule, kwenye uwanja wenye vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji, choo kimoja, kamba moja ya nguo. Chumba cha mbele anakaa Mama Mwenye Nyumba. Funguo zake zinalia kiunoni kabla hujamwona mwenyewe. Mlango unaofuata wetu yupo Msusi, mdomo wake hauna breki. Mama yake mjukuu, yaani binti yangu, anafanya kazi mji mwingine na anakuja akipata likizo. Mjukuu namwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake. Yuko sekondari na mwezi wa nne ana mtihani mkubwa. Mwalimu wake kasema akifaulu huu atapata nafasi shule ya bweni ya sayansi. Akili hiyo kaitoa kwangu.

Karakana yangu iko nyuma ya uwanja, chini ya paa nililoezeka mwenyewe. Jirani yangu wa kazi ni Fundi Viatu. Anaongea akiwa na misumari mdomoni, na bado anabisha.

Jumatatu, 16 Machi. Mvua!

Imekuja na kelele. Paa langu halikuvuja. La Fundi Viatu limevuja. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Alhamisi, 19 Machi. Mvua.

Mvua.

Ijumaa, 20 Machi. Jua kidogo asubuhi, kisha mvua.

Leo nimepata kitu! Kwa miaka mingi chuma changu cha kulehemia kinaniunguza kiganja, kwa sababu mpini wa mti umekwisha na matambara ninayozungushia yanateleza. Asubuhi napita kambani, nikaona chini ya taulo la Karani vimelala vitambaa vinene, vya maua, vimeshonwa tabaka kwa tabaka. Katikati vina mabawa mawili na kila bawa lina kifungo cha kubonyeza. Nikachukua kimoja nikakizungusha kwenye mpini. Kikakaa! Nikabonyeza kifungo, tap. Kama kilipimwa. Nikarudi nikachukua na cha pili, cha akiba.

Nimelehemu mchana kutwa bila kuungua. Kila aliyepita nimemwonyesha. Fundi Viatu kakigeuzageuza, kasema, "Hiki kimeshonwa na mtu anayejua uzi." Nikamwambia ni mjukuu wangu, damu yangu. Msimamizi wa stoo ya mbao naye kakisifu. Kimeungua pembeni lakini bado kinafaa.

Nani kasema wasichana wa siku hizi hawajui kazi?

Jumamosi, 21 Machi. Mvua.

Sijui kama niandike. Lakini dau ni dau.

Msusi alikuja kuchukua kopo lake la kumwagilia maji. Nikampungia chuma changu. "Ona kishikio hicho. Ushawahi kuona?"

Akasogea. Akakitazama. Akajishika kifua. "Mzee, umekitoa wapi?"

"Kambani. Kimelala chini ya taulo bila kazi."

"Bila kazi!" Akakaa chini kwenye debe langu na kucheka mpaka machozi. Fundi Viatu akatema misumari ili acheke vizuri, na hata hajui anachekea nini. Mimi nasimama tu. Mwishowe Msusi akaniinamia sikioni akaniambia. Ni pedi. Pedi za kitambaa, za kufua, wanazovaa wasichana wakiwa kwenye siku zao.

Masikio yangu yalipata moto kuliko chuma chenyewe.

Nilikivua kile kitambaa, nikakikunja, nikatia vyote viwili mfukoni. Nikafunga karakana, jambo ambalo halijatokea tangu homa ya mwaka ule. Karani nilimkuta mlangoni. Msusi kumbe alikuwa ametangulia kwa njia ya mkato, na mdomo ule.

"Nipe, Babu."

Nikampa. Kimoja kimeungua pembeni tundu la kupitisha kidole. Cha pili, nilichofutia ncha ya chuma leo asubuhi, kimejaa risasi ya kulehemia, kigumu kama ganda la mti.

Alivitazama tu. Afadhali angepiga kelele.

Mimi nikasema, kwa kuwa sijazoea kunyamaza, "Kitu cha siri hakianikwi kambani hadharani."

"Kisipoanikwa hakikauki, Babu."

Akaingia ndani.

Jumapili, 22 Machi. Mvua.

Karani hasemi nami. Chai kaniwekea, sukari hakuweka.

Jioni nimemwendea. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia nieleze basi, mimi si mtoto, nimelea binti. Akaniangalia aone kama natania. Kisha akaeleza, kwanza akiangalia ukuta, halafu akiniangalia mimi.

Zile pedi za dukani zinamwasha. Kila mwezi ngozi inababuka mpaka kutembea shida. Mwaka jana nesi wa zahanati alikwenda shuleni kwao, akawafundisha kushona hizi kwa pamba na taulo kuukuu. Tangu avae hizi hajababuka. Zinafuliwa kwa maji baridi, kisha sabuni, kisha jua. Moja inatumika miaka. Za dukani, akasema, zina nailoni ndani, haziozi, zinajaa jalalani na kwenye mitaro.

"Jua ndilo dawa yake," kasema. "Linaua vijidudu."

Nikamwomba anionyeshe iliyo nzima. Akasita, akaleta mpya ambayo haijavaliwa. Jamani! Juu pamba laini. Katikati taulo linalonyonya. Chini kitambaa kizito kinachozuia. Mshono umerudiwa mara mbili ukingoni, kama mimi ninavyokunja mdomo wa ndoo ili isivuje. Nikamwambia, "Karani, hii ni kazi ya bati kwa kitambaa."

Akacheka. Kidogo, lakini alicheka.

Alikuwa nazo tano. Sasa tatu, kwa sababu yangu.

Jumanne, 24 Machi. Mvua.

Habari ya kishikio imefika kila mlango. Mama Mwenye Nyumba kaja funguo zikilia, kasimama kambani. "Nimesikia kuna vitu vya aibu vinaanikwa hapa. Kuanzia leo marufuku. Humu wamo wanaume."

Nikamwambia, "Mwanaume mwenyewe ni mimi, Mama. Na sijalalamika."

"Wewe umelehemia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Karani alikuwa dirishani. Akatoka, akavitoa vitambaa vyake chini ya taulo, vibichi vile vile, akavipeleka ndani.

Ningefunga mdomo ile Ijumaa, asingejua mtu.

Alhamisi, 26 Machi. Mvua, mvua.

Karani anavikausha chini ya godoro. Havikauki. Chumba kinanuka unyevu.

Ijumaa, 27 Machi. Mvua.

Karani hakwenda shule. Anatembea kama mtu mwenye miiba. Hakutaka kusema, mpaka Msusi alipoingia akakaa naye, mlango ukafungwa. Kisha Msusi, huyu huyu mwenye mdomo, akamshika mkono wakaenda zahanati kwenye mvua na mwavuli mmoja, Msusi akiwa ndiye anayelowa. Nilikuwa na maneno mabaya juu yake kwenye ukurasa wa nyuma. Siyafuti, wino ni wa shida, lakini nayapunguza.

Wamerudi na dawa ya kupaka. Nesi kasema ni fangasi, kutokana na kuvaa kitambaa chenye unyevu. Kasema, "Kama hakijakauka kabisa, usikivae. Bora ukose."

"Basi mwezi ujao nitakosa," Karani kaniambia. "Za dukani zinanibabua, hizi hazikauki. Nitakaa ndani."

"Mwezi ujao si ndio mtihani?"

"Ndio wiki yenyewe, Babu."

Akajifunika shuka.

Mimi nimekaa nje chini ya upenu wa paa natazama maji yanavyoshuka kwenye mfereji niliotengeneza mwenyewe. Mfereji unapeleka maji ninapotaka. Basi mtu anayeweza kuyaamuru maji kwenda, hawezi kuyaamuru kutoka kwenye kitambaa?

Jumapili, 29 Machi. Mvua.

Nimepata! Nimepata! Nimeruka kitandani goti likalia.

Kabati la bati! Ndani waya za kutundikia. Chini mlango mdogo wa kuingizia makaa yanayobaki kwenye jiko langu la kulehemia, ambayo kila siku nayamwagia maji bure. Joto linapanda, unyevu unatokea juu. Na linafungwa kwa komeo, kwa hiyo hakuna wa kuona, hakuna wa kulehemia. Litakaa karakanani, hewani, si chumbani.

Nimemweleza Fundi Viatu. Kasema, "Wewe unataka kuoka mikate."

Wacha aseme.

Jumatano, 1 Aprili. Mvua.

Nimekata bati mchana kutwa. Sijapokea kazi nyingine. Mtu kaja na karai, nimemfukuza.

Ijumaa, 3 Aprili. Manyunyu.

Kabati limesimama! Linafika kifuani kwangu. Mlango unafunga bila hata nafasi ya unywele kupita. Fundi Viatu kalizunguka, kaligonga, katafuta kosa, hakuliona. Roho imemuuma, nimeiona.

Jumamosi, 4 Aprili. Mvua.

Tumejaribu. Karani kalowesha vitambaa vitatu, katundika. Nikaweka makaa. Tukangoja. Msusi naye kaja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Nikafungua mlango kwa madaha.

Vimekauka kau kau! Nikarusha kofia juu.

Karani akakinusa kimoja. Akakinusa tena. Akampa Msusi.

"Mzee," Msusi kasema, "mtoto akivaa hiki darasani, wenzake wataulizana nani kaleta samaki wa kukausha."

Moshi. Moshi wote umeingia kwenye pamba. Karani kacheka mpaka akashika mlango. Nimekasirika, halafu nikaona kwamba ni kicheko chake cha kwanza kikubwa tangu nilipounguza vitambaa vyake, nikaacha kukasirika.

Jumapili, 5 Aprili.

Nawaza.

Jumatatu, 6 Aprili. Mvua.

Bado nawaza. Fundi Viatu kaniuliza mkate umeiva lini.

Jumatano, 8 Aprili. Mvua na radi.

Hahaa! Bomba! Moshi upewe njia yake! Nimekunja bati kuwa bomba linaloanzia kwenye makaa, linapita katikati ya kabati, linatokea juu ya paa. Moshi unapita ndani ya bomba na kwenda zake. Bomba linapata moto, na joto la bomba ndilo linalokausha. Moshi na kitambaa havionani kabisa. Na matundu chini kwa hewa safi kuingia, na matundu juu kwa mvuke kutoka.

Nimelehemu viungo vyote mwenyewe. Nimeungua kiganja, kwa kuwa sina kishikio. Najua kwa nini sina, sisemi.

Ijumaa, 10 Aprili. Mvua.

Jaribio la pili. Vimekauka. Karani kanusa. Msusi kanusa. Fundi Viatu naye akataka kunusa, tukamfukuza wote watatu.

Havinuki kitu! Vinanuka sabuni!

Karani kanikumbatia mbele za watu. Kasema nesi anataka pia vipigwe pasi kabla ya kuvaliwa, kwa usalama. Nikamwambia pasi ya mkaa ninayo, nimeitengeneza mwenyewe. Kila kitu ninacho.

Jumamosi, 11 Aprili.

Karani kashona mbili mpya kufidia zile. Msusi kampa taulo, kamshikia na taa. Maua ya hizi mpya ni mekundu.

Jumanne, 14 Aprili. Mvua haikatiki.

Mtihani umeanza jana. Na siku zake zimeanza jana hiyo hiyo. Jioni kafua, kabati limekausha, asubuhi kavaa kikavu. Kaniambia mwenyewe bila kutazama ukuta. "Kikavu kabisa, Babu. Na cha moto kidogo."

Nimetembea uwanjani kifua mbele. Mama Mwenye Nyumba kaniuliza nimekula nini.

Alhamisi, 16 Aprili. Gharika.

Leo naandika mengi, mkono uniwie radhi.

Asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule, mvua ilikuja kama imemwagwa kwa ndoo. Maji ya uwanja hayakushuka kwenye chemba ya maji taka. Yakasimama. Kisha chemba yenyewe ikaanza kutapika. Maji machafu yakapanda, yakavuka kizingiti cha Msusi, yakaja kwetu. Watu wanapandisha magodoro juu ya meza, sufuria zinaelea. Mama Mwenye Nyumba kakunja gauni, anapiga kelele aitwe mzibua mabomba. Nani atatoka kwenye mvua ile?

Nikasema, tulieni, mimi nipo.

Nikachukua waya mnene nikaupinda ndoana, nikaufunga kwenye ncha ya mti mrefu. Nikaingia majini mpaka magotini. Karani kashika mfuniko wa chemba na mimi, tukauinua. Nikasukuma mti, nikazungusha, nikavuta. Kitu kizito. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, na bado ninazo nyingi. Likatoka donge jeupe limevimba kama mto wa kulalia. Nikavuta la pili. La tatu. Maji yakagugumia, yakazunguka, yakaanza kushuka kwa mlio mtamu ajabu. Watu wakashangilia!

Kisha wakaona donge ni nini. Wakarudi nyuma.

Pedi za dukani. Nyingi, zimeshikana, nailoni yake nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Mama Mwenye Nyumba akayatazama. Akageuka, macho yakapita kwenye kila mlango, yakatua kwa mjukuu wangu, kwa sababu ndiye aliyetajwa sana mwezi huu. "Nani anatupa uchafu wake chooni kwangu?"

Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumkata kama mkasi wa bati. Nikafungua mdomo.

Karani akanitangulia. Kasimama pale kwenye matope na sare yake ya mtihani imelowa chini. Hakupaza sauti.

"Si mimi, Mama. Zangu ni zile ulizosema zishushwe kambani."

Nyie! Hata mvua ilikuwa kama imepunguza. Mama Mwenye Nyumba kageuka. Funguo hazikulia. Kaingia ndani kwake.

Msusi ndiye aliyesema, polepole, jambo ambalo kwake si la kawaida. "Nyingine ni zangu. Nikitupa kwenye pipa, mbwa wanazitoa nje. Nilidhani choo kinazimeza." Mke wa mlinzi, wa chumba cha mwisho, kasema na yeye. Na mwingine. Kila mmoja alidhani choo kinameza zake peke yake.

Nikamtazama Karani. "Mtihani!"

"Mtihani!" akapiga kelele.

Mkoba wake ulikuwa juu ya kabati la vyombo, mkavu. Vitambaa vyake vya leo vilikuwa karakanani, kwenye kabati langu. Maji hayakufika huko, nilijenga kwenye mwinuko, mimi si mjinga. Nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, Fundi Viatu ni shahidi. Komeo likafunguka, nikachukua vile vya moto vikiwa ndani ya mfuko wake, nikampa. Msusi kamvua sketi yenye matope na kumpa ya kwake nyeusi, kaikaza kiunoni kwa pini za nywele. Karani akatoka mbio kwenye mvua na karai langu jipya juu ya kichwa.

Kafika. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa unafungwa, kaingiza mguu.

Ijumaa, 17 Aprili. Mvua ndogo.

Kamaliza mtihani jana. Kalala mpaka saa sita. Nimempikia mimi. Chumvi imezidi, kala yote.

Jumapili, 19 Aprili. Mawingu.

Mama Mwenye Nyumba kaja karakanani. Nilisikia funguo, nikaweka nyundo karibu kwa kujipa moyo tu.

Kasimama mbele ya kabati. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Fungua nione."

Nikafungua. Akaingiza mkono, akagusa waya, akagusa bomba, akatoa mkono haraka. Kisha akakaa kwenye debe. Kasema, bila kunitazama, kwamba yeye alikua na vitambaa. Mama yake alimwambia mwanamume akiviona ni laana. Akavikausha chini ya kitanda, miaka yote, vikiwa vibichi. Aliumwa tumbo na mwasho mpaka akadhani ndivyo wanawake walivyo.

"Nilipomwambia yule mtoto ashushe," kasema, "ni mama yangu aliyekuwa anasema."

Nikachukua mfuniko wa sufuria aliokuja nao, nikaupigia riveti moja bure, kijimsumari cha kukaza mkono wake. Kumbe alikuja na kazi, ili watu wasishangae.

Akiondoka kasema, "Binti yangu mdogo ameanza siku zake mwaka huu. Mjukuu wako anaweza kumfundisha kushona?"

Nilimwona kama mwiba. Kumbe mwiba ulimchoma yeye kwanza.

Jumapili, 26 Aprili. Manyunyu.

Leo uwanja ulikuwa kama darasa! Nesi kaja mwenyewe, mwembamba, sauti ya kengele. Wanawake wa vyumba vyote, mikasi, taulo kuukuu, cherehani ya Mama Mwenye Nyumba imetolewa nje chini ya turubai. Karani anakata kwa kipimo, binti wa Mama Mwenye Nyumba anaweka vifungo, tap, tap. Nesi anaeleza: maji baridi kwanza, kausha kabisa, mtu asimwazime mwenzie. Wale wanaopenda za dukani watumie, lakini wazifunge na kutupa kwenye pipa lenye mfuniko. Hilo pipa na mfuniko mzito wa kuzuia mbwa, nani katengeneza? Haya.

Nikasimama nieleze jinsi joto linavyopanda ndani ya bomba. Nesi kanisikiliza, kauliza maswali mawili mazuri, kasema anataka kabati kama hilo zahanati. Nikaendelea kueleza. Nikaendelea. Msusi kasema, "Mzee, kaa sasa, na sisi tushone."

Nikakaa. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba nilikuwa bado na mengi.

Alhamisi, 30 Aprili. Mvua.

Kabati la zahanati nimeanza.

Jumanne, 5 Mei. Mawingu yanapasuka.

Chemba haijaziba hata mara moja. Kila asubuhi naisikiliza.

Jumamosi, 9 Mei. Jua asubuhi, mvua jioni.

Fundi Viatu kanikaribia kwa upole. Ana mabinti wawili. Kauliza, kama jambo dogo tu, kabati la nyumbani nalitengeneza kwa siku ngapi. Nikamuuliza, unataka kuoka mikate? Katema msumari, kacheka.

Ijumaa, 15 Mei. Jua.

Mwalimu kamwita Karani. Nafasi kaipata! Shule ya bweni, ya sayansi! Nimepiga debe kwa nyundo mpaka majirani wakadhani moto umezuka. Msusi kaimba. Binti yangu kapigiwa simu, kalia kwenye simu, Karani kalia, mimi macho yaliingiwa na vumbi la bati.

Kisha Karani kanishika mkono. "Babu, bwenini kuna kabati?"

"Litakuwapo," nimemwambia. "Nitalibeba mwenyewe mgongoni."

Jumapili, 17 Mei. Jua kali, uwanja mkavu.

Mvua imekwisha. Daftari halijaisha. Nimeshinda.

Asubuhi Mama Mwenye Nyumba kaniita na waya wa mabati, ule usioshika kutu. Kasema kamba ya zamani imelegea. Nikaufunga kutoka ukuta mpaka ukuta, katikati ya uwanja, palipo na jua lote. Nikaujaribu kwa kuning'inia mwenyewe. Wanawake wakatoka na mabeseni. Karani ndiye aliyetundika cha kwanza, cha maua mekundu, bila taulo juu yake. Halafu Msusi. Halafu binti wa Mama Mwenye Nyumba, na mama yake kasimama nyuma yake kashika vibanio. Waya ukajaa rangi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nimepita chini yake kwenda kazini, na hakuna aliyeficha kitu.

Karakanani nikawasha jiko. Karani kanifuata, mikono nyuma.

"Dau langu, Babu."

Kanipa kitambaa kinene, tabaka kwa tabaka, ukingo umerudiwa mara mbili, mabawa mawili na kifungo. Ni cha jinzi, rangi ya bluu, na katikati kadarizi kwa uzi mweupe neno moja kubwa ambalo hata mimi nimelisoma bila kusimama: KISHIKIO.

"Ili usikosee tena," kasema.

"Mimi sikosei," nikamwambia.

Fundi Viatu kataka kukishika. Nimemnyima. Nimekizungusha kwenye mpini wa chuma, nimebonyeza kifungo, na kimelia tap. Milio naijua mimi, nimepiga bati maisha yangu yote, na mlio mzuri kama ule sijausikia.